Gango la alumini, la upepo na la kuvuta: lipi lipande mlima?

Kila mwaka masika yakielekea kukatika, kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika, mabegi ya huduma ya kwanza ya kampuni ninayofanyia kazi hapa Moshi huletwa kwangu niyakague. Nayamwaga yote sebuleni, mama watoto ananuna, na mimi naamua kipi kipande tena mlimani na kipi kibaki kabatini. Safari hii nimekaa zaidi kwenye magango ya kufungia mikono na miguu iliyovunjika. Bosi alikuwa ameagiza ya kila aina, na vijana wakaanza kuuliza mbona begi la huyu lina hili na la yule lina lile. Yote nimeyatumia, mengine kwa majeruhi kweli, mengine kwa kufungana wenyewe kwa wenyewe kwenye mafunzo. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyeyabeba, si ya muuzaji.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi, maana gango zuri la hospitali linaweza kuwa mzigo wa bure huku juu. Kwa tuliyoyaona sisi, Kilimanjaro inavunja watu wakati wa kushuka. Mgeni ametoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, usiku kucha hajalala, magoti yameisha, halafu anateremka kokoto za Stella, ukingoni mwa kreta, kuelekea kambi ya Barafu huku miguu ikizama na kuteleza. Anaangukia kiganja, au kifundo cha mguu kinapindia kati ya mawe. Akivuka salama hapo, bado kuna ngazi za magogo na tope la msituni chini ya Mweka Camp. Kutoka Barafu hadi geti la Mweka ni karibu mita 3,000 za kushuka, na machela yetu mnaijua: ya chuma, gurudumu moja katikati, wagumu, yaani wapagazi, wameishika mbele na nyuma, inaruka kila jiwe. Ninachotaka ni gango litakalovumilia mtikiso huo saa nyingi bila kulegea na bila kubana, na ambalo mtu mwenye glavu na taa ya kichwani anaweza kulifunga saa kumi alfajiri kwenye upepo.

Lililoshinda ni lile la alumini na sponji, la kukunja, ambalo wengi tunaliita SAM hata kama si SAM. La asili, SAM Splint, lilibuniwa na daktari wa upasuaji Mmarekani, Sam Scheinberg, aliyewahi kuhudumu vita vya Vietnam, na inasimuliwa kwamba wazo alilipata akichezea karatasi ya kufungia bazoka. Ni karatasi nyembamba ya alumini laini iliyowekwa kati ya tabaka mbili za sponji isiyonyonya maji, upande mmoja rangi ya chungwa, mwingine buluu. La kawaida lina urefu wa sentimita 91 na upana wa kama 11, na uzito wake ni kama gramu 120. Linakuja la kuviringishwa au la kukunjwa bapa. Chukua la bapa, linalala mgongoni mwa begi wala halili nafasi.

Ukilikunjua ni ukanda mlegevu tu, unaning'inia. Vijana wapya wakilishika hucheka. "Mangi, hiki ndicho kitashika mfupa?" Hapo ndipo siri yake ilipo. Bati likiwa bapa unaweza kulipinda kwa mkono, lakini lile la migongo tunaloezekea nyumba unapanda na kutembea juu yake. Gango hili nalo linataka mgongo. Unashika kingo zake mbili, vidole gumba katikati, unalikunja kwa urefu mpaka utokee mfereji. Ghafla linakuwa gumu. Ukitaka gumu zaidi, ukishapata mfereji unazigeuza zile kingo kwa nje kidogo. Nikisikia mtu analiponda gango hili namwuliza alilifungaje, na karibu kila mara jibu ni kwamba alilizungusha likiwa bapa. Likiwa bapa ni sponji ya bei ghali.

Jambo jingine ambalo maelekezo ya kwenye pakiti hulisema kwa herufi ndogo: usilipimie kwenye mkono uliovunjika. Pimia kwenye ule mzima wa majeruhi huyo huyo, au kwenye wako kama mnalingana, uliumbe hapo mpaka likae, ndipo ulihamishie penye maumivu. Nilikuwa na mgeni mmoja, mama wa makamo, aliyeanguka chini kidogo ya Stella na kuvunjika juu tu ya kiganja. Mkono ulikuwa umejipinda waziwazi. Pete kwanza, kabla vidole havijavimba. Ilitoka kwa mafuta ya mdomo. Saa pia. Halafu nikalikunja gango katikati, nikaliweka mfereji, nikaliumba kwenye mkono wake mzima: linaanzia kwenye kiganja, linapita chini ya kigasha, linazunguka kiwiko na kurudi juu hadi nyuma ya mkono. Ndani ya kiganja nikamwekea soksi iliyoviringishwa, ili vidole vikae katika mkunjo wao wa kawaida badala ya kunyooshwa. Nilipolihamishia upande wa pili lilikaa mara moja, hakupiga hata kelele. Koti akavalishwa kabla ya kufungiwa kombeo la kanga, maana ukishafunga kombeo huwezi tena kumvalisha koti, na kule upepo hauna huruma. Alitembea kwa miguu yake hadi Barafu. Hospitalini walimpiga picha ya eksirei bila kulifungua, kwa sababu alumini yenyewe ni nyembamba na mionzi inapita.

Kasoro zake zipo. Ukilikata kwa mkasi (linakatika kwa mkasi wa kawaida, na hiyo ni sifa) ukingo unabaki mkali, kwa hiyo sharti uukunje kwa ndani au uuzibe kwa plasta. Plasta nayo kwenye baridi ya Barafu inagoma kushika; weka ile rola ndani ya koti, karibu na mwili, tangu jioni. Mimi nafungia bandeji ya krepi, au ile inayojishika yenyewe, ingawa hiyo ya pili ukiivuta sana inabana kama haina akili. Kwa mguu wa mtu mrefu gango moja halitoshi. Na alumini inachoka: likishakunjwa na kukunjuliwa mafunzoni mara nyingi, linaanza kupata mistari, na hapo kwenye mstari ndipo litakapokatikia. La mafunzo liwe la mafunzo, liandikwe kwa kalamu nzito, lisirudi begini.

Kuna na yale ya kuiga, yanayouzwa mtandaoni matatu kwa bei ya moja. Tuliagiza ya jina ambalo hata kulitamka siwezi. Kwa macho ni lile lile, chungwa na buluu. Mkononi utajua: mfereji unatoka, lakini ukibonyeza katikati kwa kidole gumba unafunguka. Sponji ya moja ilibanduka pembeni baada ya kuoshwa kwa maji na sabuni. Lakini siyo yote ni mabovu, wenzetu wa kampuni nyingine wana ya kuiga ambayo nimeyajaribu na yanashika. Kipimo changu ni hicho cha kidole gumba, na nakifanya dukani mbele ya muuzaji, akubali asikubali.

Kifundo cha mguu nakipa aya yake, maana ndicho kinachotuletea kazi. Swali la kwanza si gango lipi. Swali ni je, huyu anatembea au habebeki ila kwa machela? Huwa nafuata kanuni zilizotoka Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambazo madaktari hutumia kuamua nani apigwe picha. Mbonyeze ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili inayojitokeza pande za kifundo, kuanzia nchani kupanda sentimita 6. Bonyeza pia mfupa ulio chini ya kidole kidogo, katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule ulio mbele ya kifundo upande wa ndani. Kama kote hakuumi, na anaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, basi uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Mfunge vizuri, mpe fimbo zake mbili, mzigo wake abebe mwingine, teremkeni polepole. Kama anaruka ukimgusa mfupa, au hatua nne zimemshinda, mchukulie kwamba amevunjika.

Hapo gango la alumini linafungwa kwa umbo la kikuku cha farasi: katikati yake chini ya kisigino, ncha mbili zinapanda pande zote mbili za mguu, unyayo umesimama wima, mfereji umewekwa kuanzia kifundoni kwenda juu. Kwa mashimo ya kifundo ongeza soksi au pamba. Kijana wetu mmoja mpagazi alikunja mguu akishuka kwenye Ukuta wa Barranco na mzigo kichwani, tukamfunga hivyo hivyo. Jioni akaniita hemani kwake. "Kaka, vidole sivisikii." Uvimbe ulikuwa umepanda na bandeji iliyokuwa sawa mchana imegeuka kamba. Nikaifungua yote, nikaifunga upya, ganzi ikaondoka. Faida ya gango hili ndiyo hiyo, unalilegeza na kulikaza bila kulivunja umbo. Angelikuwa amefungwa kwa mabanzi ya mbao na kamba, kazi ingeanza upya kabisa.

Kuhusu buti: wengine wanasema lisivuliwe, linashika mguu na kuutia joto. Mimi nalivua kama linatoka bila kumtesa, nione ngozi, nishike mshipa wa juu ya unyayo, kisha namvalisha soksi pana ya sufu ambayo nitaweza kuivuta nikague vidole. Na ile ya kubonyeza kucha ukahesabu kama damu inarudi ndani ya sekunde 2, kwenye baridi inadanganya. Hata mguu mzima unachelewa. Linganisha miguu miwili ndipo uamue. Mshipa, hisia, kuchezesha vidole: kabla ya kufunga, mara baada ya kufunga, halafu kila robo saa mkiwa njiani. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, hasa ukimnyoosha vidole anapiga yowe na misuli imekaza kama ubao, legeza kila kitu na ukimbize mtu chini. Hilo halingoji asubuhi.

Sasa gango la upepo, lile la plastiki angavu unalopuliza kwa mdomo. Bosi alilipenda sana kwa sababu picha yake kwenye katalogi ni nzuri. Barabarani Moshi mjini silikatai: ni jepesi, unaona kidonda ukiwa nje, linabana damu kidogo. Lakini mlimani lina ugonjwa usiotibika, nao ni hewa yenyewe. Kanieleza mwalimu mmoja wa fizikia, mgeni wetu, nikiwa nalipuliza, na hesabu yake nimeikuta ni kweli. Barafu, mgandamizo wa hewa ni kidogo zaidi ya nusu ya ule wa pwani. Getini Mweka umepanda hadi kama asilimia 82. Hewa uliyoifungia ndani kule juu inabanwa kadiri unavyoshuka, inabaki kama theluthi mbili ya ujazo wake. Gango lililokuwa limekaza Barafu linafika msituni limelegea na mguu unacheza ndani, wakati machela ndiyo kwanza inaruka ngazi. Ukilipuliza tena kila kituo sawa, ila nani atakumbuka, usiku, amechoka? Ukienda kinyume, yaani ukampandisha mtu kwenye ndege ukiwa umelipuliza chini, linavimba na kumnyonga mguu. Ongeza zipu inayoganda, unyevu wa pumzi ndani, na mwiba mmoja wa kichakani. Hapana.

Lile la vakyumu, mfuko wa punje ndogo unaoondolewa hewa kwa pampu mpaka unakuwa mgumu, ni zuri kuliko yote kwa kukumbatia kiungo kilivyo, hasa kilichopinda ambacho hutaki kukinyoosha. Nalo hushuka vizuri, maana hewa ya nje ikizidi linakaza zaidi. Lakini ni kubwa, ghali, lina pampu ya kupotea, na likitoboka limekwisha. Magari ya wagonjwa na vituo vya uokoaji yawe nayo. Mimi nabeba begi mgongoni.

La kuvuta ndilo lililoleta ubishi ofisini. Mfupa wa paja ukivunjika katikati, misuli mikubwa inajikaza na kuvipandisha vipande vya mfupa, na mtu anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya paja lake bila tone kuonekana nje. Gango la kuvuta linashika nyonga na kifundo, linavuta mguu urudi urefu wake. Wazo ni la zamani, la Hugh Owen Thomas wa Liverpool katika karne ya 19, na katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilipoanza kulitumia mstari wa mbele, takwimu zake zinazonukuliwa hadi leo zilionyesha vifo vya waliovunjika paja vikishuka kutoka karibu 80 kwa kila 100 hadi chini ya 20. Kwa hiyo silidharau. Letu ni la Kendrick, fimbo ya kuunganisha vipande na mikanda ya rangi rangi, halifiki hata kilo moja.

Lakini tazama masharti yake: lisifungwe kama nyonga imevunjika, wala goti, wala muundi, wala kifundo cha mguu huo huo. Mtu aliyeporomoka kwenye mawe, gizani, amevaa suruali tatu, nani atanihakikishia kwamba ni paja pekee? Na kule halifungwi kwa nusu saa ya kwenda hospitali. Litakaa saa nyingi, mkanda umebana kifundo, mguu kwenye baridi. Wataalamu wa tiba za porini wenyewe wanabishana kama linastahili kubebwa. Tangu niko mlimani paja lililovunjika nimelikuta mara moja tu, tukamfunga mguu kwa mguu, kigodoro katikati, tukamwahisha. Mpiga hesabu wa kampuni akiniuliza kama pesa ile ilistahili, namtazama tu.

Kigodoro nilichotaja ni kile cha sponji ngumu cha kulalia hemani, siyo cha kupuliza. Kwa muundi na goti sijaona gango la dukani linalokishinda. Kikunje kiwe na upana wa kutoka katikati ya paja hadi kupita unyayo, mviringishe mguu uwe ndani ya umbo la kidau (juu pabaki wazi upate kuona), fimbo mbili za kupandia nje kushoto na kulia, shuka au fulana chini ya goti ili lipinde kidogo. Halafu kanga. Kanga ni upana wa mita moja na kitu kwa urefu wa mita moja na nusu, ukiikunja inakuwa mkanda mpana usiokata ngozi, na pamba haitelezi kama nailoni. Vifungo viwili upande wa juu wa palipovunjika, viwili upande wa chini, hakuna kinachopita pale pale palipovunjika, na mafundo yakae juu ya fimbo badala ya kwenye mfupa wa mbele. Vile vitambaa vya pembetatu vinavyokuja na maboksi ya huduma ya kwanza vya siku hizi ni vyepesi mno, vingine ni karatasi kabisa. Doti moja ya kanga inavizidi vyote, na siku ikiwa hakuna aliyeumia unaikalia.

Kama mfupa umetokeza nje, hakuna gango litakalofanya muujiza: osha uchafu kwa maji safi mengi, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, usiurudishe ndani kwa makusudi, funga pale pale ulipo, shukeni.

Basi msimu huu kila begi lina magango mawili ya alumini ya urefu wa kawaida, ya asili, ya bapa, na moja dogo la kidole, bandeji za krepi nne, doti moja ya kanga, mkasi. Vigodoro na fimbo tunavyo tayari mgongoni mwa watu. La asili huko Marekani ni dola kumi na kitu, hapa kwetu likishapita kwenye mikono ya watu linakuwa bei nyingine kabisa, kwa hiyo kama una mgeni mzuri anayekuja na begi kubwa, mwombe alete mawili matatu badala ya chokoleti. Yale ya kuiga yaliyopita kwenye kidole gumba nimeyaacha kwa mafunzo. La upepo nimewapa vijana wa skauti wa mtaani kwetu. La Kendrick liko kabatini, safi, mikanda yote ipo; mwenye gari la wagonjwa analitaka aje tuzungumze bei, bosi ameshakubali hasara.